Kabla Mteja Hajabisha Hodi
Mwongozo kwa madalali na wenye nyumba wa Dar es Salaam

Mteja wa nyumba huanza kuikagua kabla hajaiona. Akishuka kwenye gari pale lami inapoishia, anaangalia mtaro una maji gani, anaangalia alama ya mafuriko kwenye kuta za majirani imefika wapi, anaangalia kama gari dogo litapita masika. Akifika kijiweni anawasalimu vijana wa bodaboda, na salamu yake ina swali ndani. Anapobisha hodi getini nusu ya uamuzi ameshaufanya, na wewe dalali uliyemtangulia hatua tatu hujafungua mdomo.

Mwongozo huu ni wa dalali aliyeshika nyumba ya kuuza, na wa mwenye nyumba anayetaka kumwelewa dalali wake. Unahusu kuiandaa nyumba ionekane vizuri kwa mnunuzi, kwa hali ilivyo hapa kwetu: nyumba ambayo watu bado wanaishi ndani, iliyojengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, yenye tangi juu ya mnara na mwenyewe anayekumbuka kila tripu ya mchanga aliyoinunua. Mnunuzi wa hapa haji na tamaa, anakuja na mashaka. Amesikia habari za viwanja vilivyouzwa mara mbili. Amesoma ukutani, mitaa tofauti, maandishi makubwa ya NYUMBA HII HAIUZWI. Kwa hiyo kazi yetu ni kumtoa mashaka, moja baada ya jingine, kuanzia barabarani hadi mezani penye nyaraka. Urembo unaosaidia kazi hiyo ufanyike. Urembo unaoficha kitu uachwe, maana mteja akiubaini hataamini tena hata yale yaliyo kweli.

Na kama nyumba yenyewe iliwahi kuandikwa kwamba haiuzwi, yafuteni maandishi hayo vizuri, kisha jiandaeni kwa maelezo. Rangi mpya yenye umbo la mstatili katikati ya ukuta wa zamani husomeka kwa mbali kuliko herufi zenyewe.

Zungumza kwanza na wenyewe

Usiingie na daftari ukaanza kuhesabu kasoro. Keti, kunywa maji uliyopewa, mwache mama mwenye nyumba akueleze walivyohamia wakiwa hawajapiga hata lipu. Maelezo hayo utayahitaji baadaye: kisima kilichimbwa lini, paa liliezekwa upya mwaka gani, nani alijenga banda la uani. Ndipo umwambie kwa adabu, “Mama, nyumba hii ni nzuri, ila mgeni akiingia anaona vyombo vyenu kabla hajaiona nyumba. Tumpe nafasi aione.” Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Kumwambia kwamba sebule yake imejaa makorokoro kunamvunjia, na atakukatalia hata ushauri wa maana.

Uliza mapema nani mwingine ana sauti juu ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Utasema hayo ni mambo ya mwanasheria, hayahusiani na mapazia. Yanahusiana. Niliwahi kumtembeza mteja ndani ya nyumba iliyopangwa vizuri kuliko nyingi nilizowahi kuuza, maua mezani, marumaru zinang’aa. Kwenye korido tukakutana na kijana wa nyumbani ambaye hakushirikishwa. Akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba baba aliacha wosia nyumba isiuzwe. Mteja alivaa viatu vyake mlangoni bila kufunga kamba.

Ukuta

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure, na ndipo palipo na mengi ya kusema.

Dar es Salaam ni mji wa unyevu na chumvi. Chini ya kuta, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti na pengine kiuno, utaona rangi imevimba, imepasuka, unga mweupe unapukutika. Sababu huwa mojawapo ya hizi: msingi haukuwekewa tabaka la kuzuia maji yanayopanda kutoka ardhini, tofali au lipu vilichanganywa na mchanga wenye chumvi, bomba linavuja ndani ya ukuta, au upande wa pili kuna bafu ambalo sakafu yake imepitisha maji. Mwenye nyumba mwenye haraka hupaka rangi ya mafuta juu yake. Kwa wiki mbili ukuta unapendeza. Kisha maji yaliyofungiwa ndani yanatafuta pa kutokea, rangi inafanya malengelenge, na kama bahati yenu ni mbaya malengelenge hayo yanatokea katikati ya ziara ya kwanza na ya pili ya mteja yuleyule.

Utaratibu sahihi ni kutafuta maji yanatoka wapi na kuyazuia, kubandua lipu iliyooza hadi kwenye tofali, kuuacha ukuta ukauke, kupiga lipu mpya kwa mchanga safi, kungoja tena ikauke, ndipo rangi ya maji ipakwe. Kazi hiyo ni ya wiki, si ya siku, na haifanywi kati ya Machi na Mei mvua za masika zikiwa zimetanda. Anayetaka kuuza mwezi wa saba aanze mara mvua zinapokatika.

Je, kama muda hakuna? Bandueni lipu mbovu, safisheni, muuache ukuta wazi kama ulivyo. Mwambieni mteja tatizo ni nini, na mumwonyeshe makadirio ya fundi kwa maandishi. Najua wenye nyumba wengi hawapendi kusikia hivi. Lakini mnunuzi aliyejipanga huja na fundi wake, na fundi hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza. Lipu iliyoachana na tofali hutoa sauti ya debe tupu. Kiraka kilichoelezwa kitapunguza bei kwa gharama ya kukirekebisha. Kiraka kilichofichwa kitaipunguza kwa kiasi chochote ambacho hofu ya mteja itakitaja.

Nyufa nazo zitenganishwe. Ufa mwembamba kama uzi juu ya lipu ni wa kuziba na kupaka rangi. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaopita ndani hadi nje, uonwe na mhandisi kabla haujaonwa na mteja. Madoa ya kahawia kwenye dari yanasema paa lilivuja. Kama paa limeshatengenezwa na doa limeachwa, mnalipia kosa ambalo halipo tena. Badilisheni ubao huo mmoja. Nyumba za karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, zikaguliwe misumari ya mabati na nondo za madirisha, kwa sababu upepo wa chumvi huzila kabla ya kitu kingine chochote. Njia za mchwa kwenye fremu za milango zisifutwe kwa kitambaa tu. Zitiwe dawa, na risiti yake itunzwe.

Rangi yenyewe iwe nyepesi na ya aina moja kwa kadiri inavyowezekana: nyeupe ya maziwa, krimu, kijivu hafifu. Chumba cha mtoto cha waridi na sebule ya kijani kibichi vilimfurahisha aliyevichagua, naye anahama.

Maji, umeme na harufu

Mteja atafungua bomba, na jikoni hufungua kabla hata ya kuangalia makabati. Tangi liwe limejaa tangu jana yake, pampu ifanye kazi, na mabomba yanayodondoka yabadilishwe mpira wa ndani, kazi ya nusu saa tu kwa fundi bomba. Umeme uwe na uniti za kutosha. Nimeshuhudia LUKU ikikata mteja akiwa bafuni, na hakuna ucheshi wa dalali unaookoa dakika ile. Balbu zote ziwake na zifanane rangi. Swichi iliyolegea ikazwe, waya unaoning’inia uingizwe mahali pake na fundi umeme anayeijua kazi.

Choo kina uzito kuliko sebule. Kifuniko kipya cha kukalia, beseni lililosuguliwa doa la njano, saruji ya katikati ya marumaru iliyosafishwa kwa brashi, na flashi inayoshuka mara ya kwanza: mambo hayo manne hayamalizi mshahara wa mtu, nayo yanabadilisha hukumu ya nyumba nzima. Chemba ikikaribia kujaa, gari la kunyonya maji taka liitwe wiki moja kabla, si asubuhi ya siku ya mteja.

Bafu la wageni lisilotumika huwa na harufu ambayo wenye nyumba hawaijui ilikotoka. Mara nyingi ni mtego wa maji kwenye tundu la sakafuni umekauka, na hewa ya chemba inapanda humo. Mwagieni ndoo ya maji. Dawa ni hiyo tu.

Kuhusu udi, ubani na manukato ya kupuliza, nawaomba msizidishe. Nyumba ya pwani ikinukia udi siku ya Ijumaa ni jambo la kawaida na linapendeza. Nyumba inayofukizwa hadi macho yanawasha humfanya mteja ajiulize kinachofunikwa ni nini. Fungueni madirisha tangu alfajiri, mapazia ya zamani yaliyobeba moshi na mafuta yafuliwe, kapeti iliyonyonya maji iondolewe kabisa, masizi ya jiko la mkaa yakwanguliwe ukutani. Harufu ya nyumba safi ni kutokuwa na harufu.

Sebule, na vitu vya watu

Seti ya makochi ya watu saba ndani ya chumba cha watu wanne ndiyo hali ya kawaida. Kochi moja limeziba dirisha, jingine limebana mlango wa korido, na kabati la vyombo limekula ukuta mzima. Hamishieni makochi mawili kwa ndugu. Mteja apite kutoka mlangoni hadi dirishani bila kugeuka ubavu. Vitambaa vya kufuma vya makochini viondoke kwa muda. Mama atasikitika, mwambie vitamngojea kwenye nyumba mpya. Stuli zipangwe moja ndani ya nyingine.

Vyeti vya shule, picha za harusi, kalenda za miaka mitatu, picha ya mahafali: mteja akivitazama anaanza kuwaza juu yenu badala ya kujiwazia yeye akiishi humo. Ipo sababu nyingine ya kuvitoa. Majina kamili, vyeo na sura za watoto havifai kuachwa mbele ya wageni msiowafahamu. Ama vitu vya dini, sipendi kumwamuru mtu. Msalaba mmoja au aya moja ukutani haijawahi kunikosesha mauzo. Muombeni mwenyewe apunguze kwa hiari kama vipo vingi.

Chumba kilichogeuzwa stoo kirudishwe kuwa chumba. Tangazo linasema vyumba vinne. Mteja akiona vitatu pamoja na rundo la madumu, magodoro na baiskeli mbovu, kichwani mwake vitabaki vitatu. Kitanda kimoja chenye shuka safi kinatosha, hata kama ni cha kuazima.

Mwanga ni kazi ya sabuni zaidi kuliko balbu. Nyavu za mbu zilizoshika vumbi la miaka mitano hutia chumba giza kuliko pazia zito. Zifueni, futeni na vioo. Pangaboi lifutwe mapanga yake juu, kwa sababu likiwashwa baada ya miezi litamwagia mteja vumbi shatini. Jueni pia upepo wa nyumba yenu. Kusi likivuma katikati ya mwaka, madirisha ya upande wa kusini na mashariki yafunguliwe. Wakati wa kaskazi, fungueni yale ya upande wa kaskazini. Chumba kinachotazama magharibi huwa tanuri jioni, kwa hiyo mteja aletwe asubuhi. Akiuliza joto la jioni, ajibiwe kweli.

Msije mkaingia tamaa ya marumaru mpya au dari ya jipsamu yenye taa za rangi ili kupandisha bei. Fedha hizo hazirudi zote, na mara nyingi mnunuzi huvibomoa aweke avipendavyo. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang’aa ina heshima yake, na terazo ya zamani ikipigwa msasa hushinda marumaru za bei rahisi.

Uwanja, mipaka na majirani

Geti lisiloburuta, mtaro uliozibuliwa, takataka zilizozolewa, kamba ya nguo iliyo tupu siku hiyo. Mabaki ya ujenzi, tofali thelathini na mchanga ulioota nyasi, yaondoke. Yanasema kwamba kuna kitu hakikumalizika. Mwembe au mwarobaini usikatwe. Punguzeni matawi yanayogusa bati, mfagie chini yake, muweke viti viwili. Nimeona mauziano mengi yakikubaliwa pale chini ya mti kuliko ndani. Mbwa afungwe mbali.

Jambo linalosahaulika kuliko yote uwanjani ni mawe ya mipaka. Fyekeni nyasi, mtafute kila bikoni, muisafishe hadi namba isomeke. Mteja akitembezwa bikoni kwa bikoni, akazilinganisha na ramani iliyo mkononi, uso wake hubadilika. Na kama nyumba iko kando ya barabara kuu, atataka kujua hifadhi ya barabara inaishia wapi, kwa sababu ameziona nyumba zilizochorwa alama ya X. Mpeni jibu kabla hajauliza.

Majirani waambiwe. Mteja mwangalifu ataongea nao bila ninyi: muuza duka wa pembeni, mjumbe, mzee anayecheza bao. Wakisikia habari ya mauzo kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mgeni, watashtuka, na mshtuko wao atausoma kama ushahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo iwe na taarifa. Kama kuna wapangaji, wapewe muda, na wafidiwe usumbufu. Mpangaji aliyekasirika anajua kasoro za nyumba kuliko fundi, na hazisemi kwa kunong’ona.

Picha na bei

Picha zipigwe baada ya kazi yote hiyo, asubuhi, simu ikiwa imelazwa, kutoka pembe ya chumba, kifuniko cha choo kikiwa chini. Msirushe picha ya hati mitandaoni. Namba ya kiwanja na saini zilizoonekana waziwazi ndizo malighafi ya matapeli.

Bei nayo ni sehemu ya sura ya kwanza. Nyumba moja ikishikwa na madalali watano, kila mmoja akiongeza cha juu chake, mteja ataletewa bei tatu kwa picha zilezile ndani ya siku moja. Hapo hakuna rangi itakayosaidia. Mwenye nyumba ateue dalali mmoja au wawili, bei iandikwe, ujira wa dalali uandikwe. Najua nawakanyaga wenzangu vidole. Cha juu kimevunja mauzo mengi kuliko chemba zinazonuka.

Siku ya mteja

Wenyeji wawe wachache: mmoja tu wa kukaribisha, watoto watoke na shangazi. Vito, simu, laptopu na fedha vifungiwe, kwa sababu wezi nao hujifanya wanunuzi. Chukua jina na namba ya kila unayemleta. Usimwingize mteja kwa mlango wa jikoni ati ndio ulio karibu. Aingie kwa mlango mkubwa, sebule kwanza, kisha vyumba, choo, jiko, umalizie uani penye kivuli. Usimwambie “hiki ni chumba”, anakiona. Taja yale asiyoyaona: kisima kina kina gani, maji ya bomba huja siku zipi, jua la asubuhi linaingia wapi. Kisha nyamaza. Mpe dakika kumi akiwa na mkewe au ndugu yake bila wewe.

Mezani kuwe na faili lenye nakala, siyo nyaraka halisi: hati miliki, na muda uliobaki katika miaka 33, 66 au 99 iliyotolewa, au leseni ya makazi kama ndiyo iliyopo, isemwe hivyo bila kuipamba ikaitwa hati, risiti za kodi ya ardhi, ramani, kibali cha ujenzi, bili ya mwisho ya maji. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, lakini kodi ya ardhi hailipwi huko, na deni lake ndilo linalowaangusha wauzaji wengi dakika za mwisho. Mshaurini mteja afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hajalipa chochote. Muuzaji anayemtuma mteja wake kwenda kupekua anaaminika kuliko anayemsihi awahi kulipa kwa kuwa kuna mwingine anakuja kesho.

Akisema nyumba ameipenda ila angetaka kurudi siku ya mvua, msinune. Mpeni namba ya mtu aliyepo nyumbani muda wote, awe huru kuja bila dalali, na mtaro wa nyuma ya jiko uzibuliwe mapema.